Mwenye Daftari la Foleni

"Mafuta yapo ya kutosha, wananchi wasiwe na wasiwasi," redio ilisema saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa juu ya boneti ya gari langu, gari la kumi na tisa kwenye foleni, siku ya sita, na kusema kweli sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mwenye wasiwasi ni yule ambaye bado anatumaini. Mimi nilikuwa na mkate, chupa ya maji na kofia, na nyuma yangu magari yalikuwa yamejipanga kupita ukuta wa kanisa, kupita mashine ya kusaga unga, hadi yakapotelea kwenye kona. Sitesheni ya mafuta yenyewe ilikuwa imefagiliwa vizuri sana. Haikuwa na esansi, lakini usafi wake ungekupendeza.

Esansi ndiyo petroli. Sisi wa Bujumbura tumeirithi kwa jina hilo, na siku hizi jina ndilo pekee linalopatikana bila kupanga mstari. Kila mtu alikuwa na habari zake. Shemeji ya fulani alikuwa ameona kamyo tatu, malori ya mafuta, zikivuka mpaka alfajiri. Mwingine alikuwa ametumiwa picha ya kamyo kwenye simu, picha nzuri, ila nyuma ya kamyo ulionekana mlima wenye theluji. Tuliitazama kwa zamu na hakuna aliyeuliza ni mlima gani. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mimi pia sikuuliza.

Sababu ya kuwa pale ilikuwa mama yangu. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka mitatu alikuwa akitutambua kwa kikohozi na kwa mwendo. Uso wangu alikuwa anaukumbuka tu, na kila nilipompikia chai alikuwa akinipapasa shavu na kusema, "Umekonda, ao ni mikono yangu?" Sasa kliniki moja ya Kigobe ilikuwa imempangia siku: Jumanne, saa tatu asubuhi, jicho la kulia. Daktari wa macho alikuwa anakuja kwa siku chache tu, na aliyekosa zamu yake alikuwa anaambiwa asubiri mpaka arudi, na tarehe ya kurudi kwake aliijua Mungu.

Toka nyumbani kwetu Kinama mpaka Kigobe ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Kwa miguu ya mama, tuseme saa mbili. Watu wanakwenda na kurudi kila siku, wengine na gunia kichwani. Lakini mimi nina gari. Ni la Kijapani, usukani uko kulia wakati sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo nikitaka kupita lori inabidi nimwulize aliyekaa pembeni kama njia ni nyeupe. Hata hivyo ni gari. Mama wa mwalimu kwenda kupasuliwa jicho kwa miguu, majirani wote wakiwa vibarazani? Kamwe. Nilimwambia nitampeleka kwa gari, nikalisukuma gari lenye tangi kavu hadi kwenye foleni, shule zikiwa zimefungwa, nikiwa na siku nane mkononi. Nilijiona mtoto mwema.

Sasa, foleni ya siku sita si ya magari tena, ni serikali. Siku ya pili walitokea wajanja wa kuchomeka magari katikati, ngumi zikarushwa, kioo kimoja kikapasuka. Tukaitisha mkutano. Watu wakasema inahitajika orodha, na orodha inahitaji mtu anayejua kuandika, tena mwenye nidhamu. Macho yote yakanigeukia. Nilikataa mara moja, kama adabu inavyotaka, kisha nikakubali haraka wasije wakaniamini. Nikanunua daftari la kurasa mia na kalamu nyekundu. Nilikuwa nina kalamu ya bluu mfukoni, lakini kazi nyingine zinadai rangi yake.

Nikatunga sheria. Kuitana mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni. Ukiitwa namba yako, unaitika ukiwa umesimama kando ya gari lako. Anayetaka kutoka, anaaga kwenye mwito uliotangulia. Asiyeitika anafutwa, gari lake linasukumwa pembeni, na hakuna maelezo. Hilo la "hakuna maelezo" nililiongeza mwenyewe na lilipigiwa makofi. Nimefundisha miaka ishirini na mbili bila kupigiwa makofi. Niliyaonja pale kando ya barabara, na nakiri yalikuwa matamu.

Basi siku ya nne, mwito wa saa sita, nikaita namba kumi na moja. Hakuna aliyeitika. Namba kumi na moja alikuwa jirani yetu, mfanyabiashara wa duka la misumari na mabati hapo mwanzo wa mtaa wetu, mtu wa makamo, wa familia ya Kiarabu iliyokaa mjini hapa tangu kabla babu yangu hajavaa viatu. Paa langu lote linashikwa na misumari yake. Nikaita mara ya pili. Mtu mmoja akasema amepigiwa simu, dada yake amefariki, amekimbilia maziko. Wenzetu Waislamu, kama ujuavyo, hawamweki maiti siku tatu wakisubiri hotuba na maturubai kama sisi. Anayekufa asubuhi anazikwa alasiri, na ndugu anaacha kila kitu na kukimbia.

Nilishika kalamu. Wote walikuwa wananitazama. "Alipaswa kuaga kwenye mwito wa asubuhi," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa sauti ya darasani, kana kwamba kifo kilipaswa kuleta barua saa moja kamili. Nikamfuta kwa mstari mmoja mnyoofu. Wanaume wanne wakalisukuma gari lake la dukani pembeni, na wa nyuma wake wakasogea mbele kwa furaha kubwa. Nami nilisogea, maana nilikuwa namba ishirini. Ndivyo nilivyopata hiyo kumi na tisa.

Alirudi jioni, viatu vyake vimejaa udongo wa makaburini. Akatazama nafasi yake, akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata sentensi nilikuwa nimezipanga.

"Ulinifuta, Mwalimu?"

"Ni sheria, muzee. Mi siwezi kupendelea mutu."

"Sawa," alisema. "Mungu akulipe kazi ya watu." Akawatafuta vijana wa kumsaidia kusukuma gari mpaka dukani kwake. Hakurudi kwenye foleni. Nilijiambia kwamba amekasirika, na mtu anayekasirikia sheria ana matatizo yake.

Jumanne ilifika. Kamyo haikuwa imefika. Nilimwambia mama ajiandae, avae kitenge chake cha sikukuu, akae kibarazani, mimi nitatokea na gari. Saa moja nikasoma orodha. Saa moja na nusu ukapita uvumi kwamba kamyo iko njiani, tena safari hii bila theluji. Nikampigia mama simu.

"Subiri kidogo, mama. Esansi inakuya sasa hivi."

"Sawa, mutoto yangu. Niko tayari."

Saa mbili nikapiga tena. Sawa, mutoto yangu. Ningeweza kuondoka. Dakika ishirini kwa miguu ningekuwa nyumbani, ningemshika mkono, tungefika, japo kwa kuchelewa. Lakini nani angebaki na daftari? Mwito wa saa sita ungefika, na mwenye kutunga sheria angeonekana hayupo. Na foleni yangu ya siku nane je? Unaona jinsi akili ya mtu mwenye elimu inavyofanya kazi: nilikaa kwenye foleni ili nimpeleke mama hospitali, na sasa sikuweza kumpeleka mama hospitali kwa sababu nilikuwa kwenye foleni. Na kwa wakati ule niliona ni jambo la busara kabisa.

Saa nne kamyo ilifika kweli. Watu walipiga vigelegele kama harusini. Kwanza yakahudumiwa magari yenye karatasi za ruhusa, ambayo hayakuwa kwenye daftari langu wala la mtu mwingine, yakipita pembeni taratibu, vioo juu. Baadaye wakaanza orodha yetu. Namba moja, namba mbili. Kumi na nne alijaziwa. Kumi na tano alipewa nusu. Kisha yule wa pampu akafuta mikono yake, akatundika mpira, akatuambia turudi kusikiliza redio. Simu ya mama ilikuwa inaita bila kupokelewa.

Saa kumi ni saa kumi. Nilisimama nikaanza kusoma namba, maana kama ningekaa chini ningelia, na mwenye daftari halii. Nilikuwa nimefika namba ishirini na saba nilipoona watu wawili wakija polepole kando ya barabara, kutoka upande wa Kigobe. Mwanamke mzee mwenye kitenge cha sikukuu na kitambaa cheupe juu ya jicho la kulia. Amemshika mkono muuza misumari.

Mama alisimama ghafla. "Sikia," akamwambia. "Hiyo sauti ni ya mutoto yangu."

Nilikwenda kwao na daftari mkononi. Muuza misumari alinisalimia kama kawaida na kunieleza kwa maneno machache. Mama alikuwa amefika dukani kwake saa mbili ilipopita kidogo, akipapasa kuta, kuuliza kama kuna aliyesikia gari langu. Akafunga duka wakaenda kwa miguu. Wakafika saa nne, wakaombaomba mlangoni, wakapokelewa wa mwisho.

"Walisema mugonjwa bila mutu wa nyumbani hawamupasue," mama akadakia. Alikuwa mchangamfu kuliko sisi wote. "Waliuliza, mutu wako ni nani? Huyu akasema, mi ni mutoto yake. Akaweka sinyatire yake kwa karatasi. Muislamu mutoto yangu! Infirmiye wa mulangoni alicheka, lakini aliandika."

Nilitaka kusema asante. Nilichosema ni, "Kamyo ilifika, mama. Nilikuwa karibu sana." Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile nasikia joto masikioni.

"Najua, mutoto yangu. We uko na kazi ya watu." Alisema kwa upole, hakuwa ananisuta. Angenisuta ningeshukuru. "Kesho wananifungua hii pansema ya jicho. Usijisumbue, huyu atanipeleka."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi, baada ya mwito wa saa moja, nilimpelekea daftari na kalamu dereva mmoja wa teksi, namba ishirini, aliyekuwa anaitamani kazi hiyo tangu mwanzo. Alivipokea kwa mikono miwili, akikataa kidogo kwa adabu. Nilimweleza kwamba nampeleka mama, nitachelewa mwito wa saa sita. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa Mwalimu, hiyo ulipaswa kuaga kwenye mwito wa asubuhi," akasema.

Tulikwenda kwa miguu watu watatu. Majirani walikuwa vibarazani, wote, na unajua walifanya nini? Walimsalimia mama, wakamtakia heri, wakaendelea kuchambua maharage. Hakuna aliyeniuliza gari liko wapi. Kwa siku nane nililinda heshima ambayo hakuna jirani hata mmoja aliyekuwa anaitazama. Njiani mama aliongea na muuza misumari kuhusu dada yake marehemu, alikuwa mtu wa namna gani, ameacha watoto wangapi. Mimi nilikuwa nimeishi na muuza misumari mtaa mmoja, nilimfuta kwa sababu ya dada huyo, na sikuwahi kuuliza.

Kliniki ilikuwa imejaa. Infirmiye, muuguzi wa kliniki, alikuwa mlangoni na karatasi yake, mwanamke mnene mwenye miwani, sauti ya darasani kabisa. Mgonjwa mmoja, mtu mmoja, alisema, chumba ni kidogo. Nikashika mkono wa mama nikasogea.

"We ni nani?"

"Mi ndiye mutoto yake."

Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Hapa kuna mutoto mumoja, na ndiye huyu aliweka sinyatire. We jina yako haiko kwenye lisiti ya watu."

"Muache aingie yeye, infirmiye," muuza misumari akasema haraka. "Ni mutoto yake wa kuzaa, kweli. Mi nitangoja."

"Apana. Ni sheria. Nikimuachia mumoja, wote watakuya na maelezo."

Ningeweza kubishana. Nina sauti, nina miaka ishirini na mbili ya kazi, na nyuma yangu kulikuwa na watu ambao wangenisaidia kupiga kelele. Lakini nilimtazama usoni yule infirmiye na nikaujua uso ule vizuri, ulikuwa wangu. Nikamwachia mama mkono. Muuza misumari akaushika, akaniangalia kama mtu anayeomba samahani, wakaingia, mlango ukafungwa.

Nikakaa kwenye benchi la koridoni. Simu yangu ikalia ujumbe: ilikuwa saa sita na dakika tano, namba kumi na tisa imefutwa, gari liko pembeni, salama. Ndani nikasikia mkasi, kisha sauti ya mama ikicheka, cheko refu ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka mitatu.

"Yoo! Kumbe uko na ndevu nyeupe hivi!" akasema.

Mimi sina ndevu.