Viti Virefu vya Jikoni Kwetu

Mke wangu ndiye aliyevitaka. Tulipokuwa tukimalizia nyumba yetu hapa Ikonge, hatua chache kutoka nyumba ya mama yangu, alinionyesha kwenye simu picha ya jiko lililoungana na sebule, kaunta katikati, na mbele yake viti vitatu vya miguu mirefu. Mimi nilikulia katika jiko la udongo lililojitenga na nyumba, tukikalia vigoda, magoti yakikaribia kidevu na moshi ukituwasha macho. Nikamwambia sawa, tujaribu.

Fundi wetu, mtu wa Ogembo, alikuwa amezoea makochi na vitanda. Alipoiona ile picha alicheka.

"Hivi nimeviona baa tu. Lakini lete mbao, nitaviunda."

Vya kwanza viliyumba. Akavirudisha kwenye karakana, akaitanua miguu na kuongeza kijiti cha kukanyagia.

Mama alipokuja kuiona nyumba, alisifu dari, akasifu madirisha, kisha akafika jikoni akasimama.

"Viti hivi navijua," alisema kwa Ekegusii, polepole. "Baba yako alivikalia miaka mingi."

Marehemu baba alikuwa akitoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyauzia, anapitia baa ya sokoni, na mara nyingine Mama alinishika mkono tukaenda kumtoa. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba macho yangu yalilingana na viatu vyake vilivyoning'inia. Mimi nilikuwa nimesahau. Mama hakusahau.

Jioni hiyo mke wangu alitaka viti viondolewe. Mama alikataa katakata. "Nyumba ni yenu," alisema. Lakini tangu siku hiyo chai yake aliinywea barazani, na jikoni hakukanyaga tena.

Kisha goti likamshinda. Alikuwa amechuma chai kwenye miteremko hii maisha yake yote, na goti la kulia lilikuwa limesagika. Alifanyiwa upasuaji, na daktari akamkataza kukaa chini sana. Kigoda hakikuwezekana tena. Kochi nalo lilimmeza. Ili asimame, ilibidi mimi nimshike mkono huu na mke wangu mkono ule, tumvute kana kwamba tunamtoa kwenye tope. Alikuwa akigeuza uso pembeni tukifanya hivyo.

Kilichomuumiza zaidi ni kutopika. Kila Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, yeye ndiye aliyetupikia sote. Sasa alibaki kwenye kochi lake akiuliza tumeweka nini motoni.

Ijumaa moja mchana nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu yetu. Mke wangu alikuwa akichemsha chinsaga, mboga yetu chungu, na harufu ilikuwa imefika kwa Mama.

"Hujamwaga maji ya kwanza," alimwambia. "Itakuwa chungu, hakuna atakayekula."

Alisimama kando ya kaunta akielekeza mpaka mguu ukachoka. Akaegemea kiti kimoja kirefu. Baadaye kidogo akajisogeza, akakalia. Mama akavuta mwiko.

"Leteni maziwa."

Alikaa pale karibu saa nzima, akakoroga mboga, akamenya ndizi, akamkosoa mke wangu kuhusu chumvi. Alipomaliza alijisukuma mbele kidogo tu, akawa amesimama. Hakuna aliyemshika. Alikitazama kiti, akatutazama sisi.

"Mmeona? Nimeinuka mwenyewe."

Mke wangu aligeukia sufuria na kujifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

Wiki iliyofuata nilimwita fundi amtengenezee Mama kiti kirefu cha kwake. Alimpima Mama kutoka kisigino mpaka nyonga, kwa adabu kama fundi cherehani.

"Mama, nikuwekee mikono ya kushikilia?"

"Weka. Na mgongo pia uweke. Mimi si mlevi wa kuegemea kaunta."

Fundi alicheka bila kujua alichokuwa akicheka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Mama akifanyia jambo hilo mzaha.

Huu ni mwaka wa pili. Ijumaa zetu zimerudi kwake, na wanawake wawili wa kanisa lake, wenye magoti mabovu pia, walikuja kukijaribu kile kiti wakamwagiza fundi vya kwao. Lakini kinachonifanya nishukuru zaidi ni kingine. Akiwa amekaa pale akipika, Mama ameanza kumsimulia mke wangu habari za baba ambazo sikuwahi kuzisikia. Jinsi alivyoimba bila aibu akipalilia. Jinsi alivyombeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, Mama akiwa na mimba yangu, huku akimwambia asitazame chini. Mimi hukaa sebuleni, nikajifanya nasoma gazeti, nikasikiliza.