Mashavu ya Kumwonyesha Mama

Kazi yangu ni kukaanga mayai. Nasimama nyuma ya jiko dogo katika ukumbi wa kiamshakinywa wa hoteli moja hapa Doha, nimevaa kofia nyeupe ndefu, na kila asubuhi wageni wanapanga foleni mbele yangu. Wanadhani wananiagiza mayai. Ukweli ni kwamba wananiungamia dhambi. "Usiweke kiini," mmoja ananinong'oneza, utafikiri kiini ni mtu waliyekosana naye. "Mafuta kidogo. Punguza tena. Hayo nayo yatoe." Mwingine anakula ute mtupu akiwa na uso wa msibani, halafu nikigeuka kuchukua chumvi namwona kwenye meza ya keki akijaza sahani haraka haraka huku akitazama mlangoni.

Nilikuwa nawacheka sana watu hawa. Nikirudi mtaani Fereej Bin Mahmoud, kwenye chumba tunachoishi wanawake watatu, nilikuwa nawaigiza mbele ya wenzangu. Mmoja ni Mkenya kama mimi, muuguzi katika kliniki. Mwingine ni Mganda, askari wa mlangoni katika duka kubwa la nguo. Tulikaa sakafuni, sufuria katikati, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sikujua kwamba ugonjwa wa wale wageni unaambukiza.

Ulianza siku suruali yangu ya kazi ilipogoma kufunga. Nilivuta pumzi, nikalala kitandani, nikaomba msaada wa askari, lakini kifungo na tundu lake vilikuwa vimeshaachana. Kwenye stoo ya sare bwana anayezigawa alinitazama kiunoni zaidi ya ilivyohitajika, akasema saizi ya juu ya hiyo haijaletwa. Nilirudi nyumbani nimenuna.

"Hata mimi nimefura, mamii," muuguzi akaniambia. "Wacha nikuingize kwa group yetu. Kuna kocha, ni moto."

Kocha huyo sijawahi kumwona ana kwa ana. Anaishi kwenye simu. Picha yake inamwonyesha amesimama ndani ya mguu mmoja wa suruali yake ya zamani, anacheka. Katika sheria zake ugali ni adui, chapati ni shetani, na sukari haitajwi kwa jina. Kila mlo unapiga picha sahani yako na kuituma kwenye kundi, wenzako wanakupigia makofi. Kundi zima lilituma matango. Sijawahi kuona matango mengi namna ile, na sijui yaliliwa na nani, maana jioni moja nilimkuta muuguzi kwenye ngazi za jengo letu akimalizia shawarma, ile nyama ya kukunjwa ndani ya mkate, kwa kasi. Alijifuta mdomo, akapanda juu, akakata tango, akalipiga picha.

Askari alikataa kabisa kujiunga. "Mimi nasimama kwa mlango siku mzima, banange," alisema. "Nikiacha posho, nani atanishika nikianguka?" Posho ndiyo ugali kwao. Kila jioni aliusonga palepale mbele yetu, akautengenezea mchuzi wa karanga, akala taratibu huku akishukuru Mungu kwa sauti. Sisi tulikuwa pembeni na maji yetu ya ndimu. Nilimchukia kwa dhati, naye hakuwa amenikosea chochote.

Bahati mbaya yangu ni kwamba mimi nikiambiwa jambo ninatii. Sikula shawarma kwenye ngazi. Nilikula matango kweli. Suruali ikafunga, ikalegea, ikaanza kuteremka, nikanunua mshipi. Kazini wakaanza kuniambia nimeng'aa, na nisidanganye, nilifurahi sana. Lakini pia niligeuka mtu wa hasira za karibu. Mgeni mmoja aliniomba yai "lenye furaha", nikamtazama mpaka akaenda kujipakulia nafaka. Usiku nilikuwa naota mikate.

Sasa niwaeleze kuhusu mama, kwa sababu haya yote yanamhusu yeye kuliko suruali.

Kwetu Nakuru, mtu aliyeenda Gulf, yaani huku Uarabuni, anapimwa kwa mashavu. Binti wa jirani yetu aliporudi likizo akiwa amejaa, mama yake alimtembeza sokoni kibanda kwa kibanda, hata kwa wauza vitunguu ambao hawakuwa wananunua chochote kwao. Wanawake walimbonyeza mkono na kusema Gulf imemkubali. Na upande wa pili kila mtu amesikia zile habari nyingine: wasichana waliofungiwa ndani ya nyumba, wakanyang'anywa simu, wakawa wanapewa mabaki. Hizo si porojo. Kanisani kwa mama kuna mzazi ambaye binti yake alirudi mifupa mitupu na hapendi kusimulia.

Ndiyo maana mama na wenzake wa kikundi cha maombi, wale wenye mabinti huku, waliwekeana ishara. Ukipiga simu ya video na kuna mtu amesimama hapo anakuzuia kusema ukweli, shika sikio. Usiseme neno. Sisi tutaelewa na tutajua la kufanya. Mama alinifundisha hivyo uwanja wa ndege, nimeshikilia mabegi, nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kwa sababu nilikuwa naenda hotelini, si kwenye nyumba ya mtu. Miaka ikapita. Nikaisahau kabisa ile ishara.

Basi siku moja nikampigia baada ya kazi. Askari alikuwa amelala, ana zamu ya jioni, kwa hiyo nilivaa vile vidude visivyo na waya vya kusikilizia simu. Cha kulia kilikuwa kinateleza. Labda hata masikio yangu yalikuwa yamekonda. Kila nikikisukuma ndani, kinatoka, nami nakisukuma tena. Mama alikuwa anasimulia habari za kuku, mara akanyamaza.

"Mama?"

"Nakuona, mwanangu." Aliusogeza uso wake karibu na simu mpaka nikaona paji la uso tu. "Umekula nini leo?"

"Matango. Na yai moja."

"Matango."

"Na maji ya ndimu."

"Nani amekupa hayo?"

"Nimejipa mwenyewe, mama. Najinyima, nataka kupungua." Kidude kikatoka, nikakirudisha kwa kidole.

"Sawa," akasema polepole. "Sawa, mwanangu. Usiseme mengi. Nimeelewa." Akainua mkono, akashika sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa huku macho yamemjaa machozi. Mimi nikadhani amewashwa. Nikamwambia kwaheri.

Wiki hiyo hiyo kocha wetu alibadili dini. Aliamka siku moja akatangaza kwamba kujinyima ni kujichukia, na kwamba sasa tunakula kwa kusikiliza mwili. Hakuna chakula adui. Ukihisi njaa unakula, ukishiba unaweka kijiko chini, hata kama sahani ina nusu, hata kama aliyepika amekukazia macho. Mashetani wote wakasamehewa siku moja. Muuguzi, ambaye aliamini matango kwa moyo wake wote, aliamini hili pia bila kusita. Alikuwa anakaa kitandani amefumba macho, mkono juu ya tumbo, akiliuliza linataka nini. "Linasema biriani," anajibu baada ya muda, kwa mshangao. Mimi la kwangu halikuhitaji kuulizwa. Lilikuwa linapiga kelele za ugali tangu siku ya kwanza, lakini nilikuwa naogopa suruali.

Kisha mdogo wangu akapiga simu kutoka nyumbani. Hakusalimu.

"Dada, wamekufungia wapi?"

"Nani?"

"Mama anasema ulishika sikio. Si mara moja, dada. Ulilishika ukalishika."

Nilianza kucheka. Nilikuwa bado nacheka aliposema kwamba mama amefunga. Kikundi chote cha maombi kimefunga kwa ajili yangu, lakini hao wengine wana afya zao. Mama ana ugonjwa wa sukari. Vidonge vyake ni vya kumeza na chakula, naye tangu jana amekubali maji tu, na vidonge anavimeza hivyo hivyo. Asubuhi, wakati wa kupiga magoti, alipata kizunguzungu akaangukia benchi, wakamnywesha chai ya sukari kwa nguvu. Sasa amelala kwenye kochi na amegoma. "Anasema hawezi kumeza na mtoto wake ananyimwa," mdogo wangu akasema. "Nimembembeleza nimechoka. Hebu ongea naye."

Nilipewa mama. Nikamweleza kila kitu: suruali, kocha, matango, kidude cha sikioni. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Sema tu vile wamekwambia useme."

"Mama, hakuna mtu hapa! Chakula kipo! Kimejaa!"

"Nani ana chakula mbele yake halafu anajinyima?"

Kwa kweli ukiliangalia swali hilo ukiwa Nakuru, halina jibu. Nilikata simu nikaketi kitandani. Mama yangu alikuwa ananiokoa kwa njaa, na njaa ile ingemuua yeye, yote kwa sababu ya kiuno changu.

Muuguzi alikuwa amesikia. Sijawahi kumwona akiacha mzaha haraka namna ile. "Vidonge bila chakula? Sukari ikishuka hivyo si mchezo," alisema. "Hiyo siyo ya kungoja kesho. Haamini maneno? Basi asikie kwa macho. Pika."

Ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya kanisa huku, na mimi nilikuwa na zamu ya mapumziko. Saa za Doha na saa za Nakuru ni moja, kwa hiyo mchana wetu ulikuwa mchana wao. Askari aliacha kunyoosha sare yake, akasonga ugali bila kuuliza swali, mkubwa wa kutosha wafanyakazi wa mjengo. Muuguzi alikimbia dukani chini akarudi na samaki na mboga za majani. Sikukumbuka kupiga picha. Niliegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, nikapiga.

Mama alitokea amelala ubavu. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, midomo mikavu. Nilikuwa nikiutazama uso wake kama yeye alivyokuwa akiutazama wangu muda wote huu, na nikaelewa ni kitu gani alichokuwa anakiona.

"Mama, kula. Tafadhali."

"Wewe kwanza."

Kidude cha sikioni nilikuwa nimekiacha kabatini. Nilimega tonge, nikachovya, nikala. Alikodoa macho.

"Meza nione."

Nikameza. Nikafungua mdomo nikamwonyesha.

"Geuza hiyo simu. Nani yuko nyuma yako?"

Niligeuza simu polepole, nikamzungusha chumba kizima: vitanda, pazia, kiyoyozi, askari na mwiko wake, na muuguzi aliyekuwa ameketi na sahani tupu akingoja tumbo lake liseme.

"Na wewe binti, wanakunyima pia?" mama akauliza kwa sauti iliyoanza kupata nguvu.

"Hapana, mama. Nilikuwa tu nasikiliza mwili."

"Unasikiliza nini? Kula!"

Muuguzi akala. Nikairudisha simu mahali pake. Mdogo wangu alikuwa amemkalisha mama na kumwekea sahani mapajani: ugali, sukuma, kipande cha nyama. Mama alinisubiri. Nilipomega, akamega. Nilipotia mdomoni, akatia mdomoni. Nilipotafuta mwiba wa samaki, naye akangoja mpaka niutoe. Kila tonge lilichukua safari ndefu kufika, lakini lilifika. Mdogo wangu alisimama nyuma yake ameshika vidonge na kikombe cha maji.

Karibu na katikati ya sahani nilisikia mwili wangu vizuri kabisa, bila kocha, bila kufumba macho. Ulisema umeshiba. Tumbo lililozoea matango halina nafasi. Niliweka mkono chini nikapumua.

Kule Nakuru mama naye aliweka tonge lake chini. Alinitazama, mkono unaanza kuinuka kuelekea sikioni.

Sahani yake ilikuwa bado ina nusu. Nikamega tonge jingine.