Saratani Mbili za Boke

Boke alikuwa muuza dagaa wa Musoma, mzaliwa wa Butiama, na hakuna aliyemyumbisha. Hakujaliwa mtoto, basi akafanya kama wanavyofanyaga kwao: akatoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa Debora, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke waiitayo nyumba ntobhu, amzalie. Watoto watatu wa Debora wakawa wa Boke, kwa jina na kwa shamba.

Hedhi ilishamkoma miaka mitatu, damu ikaanza tena. Wenzake sokoni wakamtania eti ujana umemrudia. Na yeye akacheka, maskini ya Mungu! Alicheka miezi mitano, mpaka Debora alipomburuta hospitali, wakapewa rufaa ya Mwanza, kinyama kikakatwa kikapimwe. Majibu alikwenda kuyachukua kaka yake, Stanslaus, maana wiki ile damu ilimzidi Boke, hakuweza kukaa kwenye basi.

Stanslaus alirudi uso umemshuka, akaita ndugu. Akawaambia ni saratani mbili kwa mpigo, moja ya mji wa mimba, nyingine ya mfuko wa mayai, na daktari anataka kumpasua.

"Moja tu inaua," akasema. "Mbili je? Tusimtese bure."

Ndugu wakaafiki. Fahali wa Boke aliyebaki asiuzwe kwa ajili ya kisu, wakasema, atahitajika msibani. Jamani, mtu yu hai na wenyewe wanagawana nyama ya matanga yake! Debora alibisha, akaambiwa mke hana kauli kwenye kikao cha ukoo. Boke mwenyewe aliinamisha kichwa. Kaka yake alikuwa hajawahi kumdanganya.

Baada ya miezi minne maumivu yalizidi, Debora akamchukua mpaka Mwanza bila kuaga mtu. Daktari, mama wa makamo, alimpima upya, akarudi kwenye faili.

"Mama, kaka yako nilimweleza," akasema. "Zilikuwa mbili kweli, lakini kila moja ilianza mahali pake, haikutoka kwa mwenzake, na zote zilikuwa bado changa. Ingekuwa ni moja iliyosambaa toka huku mpaka kule, hapo ndipo ningeogopa. Wengi wa namna yako tukiwawahi wanaishi miaka mingi."

Boke akauliza, na sasa? Daktari akamwambia sasa imefika kwenye ini, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

Njiani kurudi Debora aliapa kwa hasira kumuumbua Stanslaus mbele ya ukoo mzima. Boke naye alimchukia kaka yake siku ile, alimchukia hasa. Lakini alijua kwamba akishazikwa, mtu wa kusimama na kusema shamba hili ni la watoto wa Boke ni huyo huyo Stanslaus, hakuna mwingine.

"Usimwambie," akasema.

"Akuue halafu nimnyamazie?"

"Watoto nawaachia nani?"

Debora akalia mpaka Bunda.

Stanslaus, aliyekwisha kusikia walikokwenda, alikuja kuwapokea barabarani. Alimshika dada yake mkono taratibu, akamuuliza daktari kasemaje.

"Kasema ulifanya vizuri, kaka," Boke akamjibu. "Ulinipumzisha."