Namba Niliyoisoma kwa Ndani

Watu wengi wakishuka kivukoni Likoni na kupanda mpaka ofisi za serikali, huishia hapo hapo. Wana haja ya kitambulisho, ya cheti cha kuzaliwa, ya muhuri. Hawajui kwamba nyuma ya ukuta wa ofisi, ule wenye vipande vya chupa juu yake, kuna nyumba za watu. Ni nyumba za udongo, nyingine zimeezekwa makuti na nyingine mabati, kisima kimoja, na msikiti mdogo usio na mnara. Mahali petu hapana jina. Mtu akituuliza twasema "nyuma ya ofisi", ingawa nyumba zetu zilikuwapo kabla ya ofisi kujengwa.

Marehemu mume wangu aliwahi kwenda huko kutafuta barua, karani akamwuliza, "Mzee, watoka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapo nyuma yako, mwanangu. Harufu ya samaki unayoisikia kila adhuhuri yatoka jikoni kwangu."

Karani alicheka, lakini kwenye fomu akaandika jina la mtaa mwingine, kwa kuwa wetu haukuwamo katika orodha yake.

Mwaka aliokufa niliingiwa na woga ambao haujanitoka mpaka leo. Sikuwa nikiogopa mauti. Nilikuwa nikiogopa kunyang'anywa nyumba.

Nilikuwa edani. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, wala hazungumzi na wanaume wa nje. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alihamia kwangu kunisimamia. Tulipoondoa matanga aliufunga mlango wa mbele kwa komeo, na wanawake waliokuja kunitazama wakawa wanapitia uani.

Mwezi wa pili haujaisha, asubuhi moja nilisikia watu wakizungumza mbele ya nyumba, kisha brashi ikipita juu ya mlango. Baadaye kidogo jirani yangu aliingia uani akihema.

"Wapima ardhi hao. Kila mlango wautia namba kwa rangi nyekundu. Alhamisi wataita majina pale uwanjani kwa ofisi. Asiyeitika, nyumba yake yaandikwa haina mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu hawakusema."

Jina lililokuwa kwenye orodha ya mzee wa mtaa lilikuwa la mume wangu, kwa sababu liliandikwa akiwa hai. Langu halikuwapo popote.

Zilibaki siku tatu kufika Alhamisi. Nilipotaja kwenda uwanjani, wifi alinikatiza. "Ukivuka kizingiti hicho eda imevunjika. Utaanza kuhesabu upya, na ndugu yangu utakuwa umemuudhi kaburini."

"Basi iambieni serikali nayo ikae eda, itungoje," jirani akasema.

Nilicheka. Wifi alinitazama, nikajifunika uso kwa kanga.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alituma maneno kupitia kwa wifi. Alisema ataitika yeye. Jina likiitwa atasema nipo, kwa kuwa wale maofisa hawamjui marehemu kwa sura. Sitaficha, nilikaribia kukubali. Shemeji hajanifanyia ubaya wowote tangu niolewe. Lakini niliogopa kwamba atakayeitika ndiye atakayeandikwa, na niliona haya kuogopa hivyo. Nikamwambia wifi sitaki.

"Wamwona ndugu yangu mwizi?"

"La, wifi. Lakini aliyekufa haitiki."

Alhamisi ilipofika nilikaa uani juu ya kibao cha mbuzi, nazi mkononi, sikukuna chochote. Uani kwangu kumegusana na ukuta wa ofisi, na kipaza sauti kilikuwa ng'ambo yake tu. Majina yaliitwa. Nilizijua sauti zote zilizosema "Nipo!" na kila moja ilituleta karibu na zamu yetu.

Kisha likaitwa jina la mume wangu. Nyumbani tulikuwa hatulitaji tena, twasema marehemu. Pale likatajwa kwa ukali, kama la mtu aliyechelewa. Likaitwa mara ya pili. Wifi alinishika mkono.

"Abee!" nikaitika.

Hilo ndilo itikio la mwanamke akiitwa. Miaka yote nilimwitika yeye hivyo. Sijui lilinitokaje.

Uwanjani mtu akacheka. "Nani huyo?" kipaza sauti kikauliza.

Nilimsikia jirani yangu akijibu, "Ni mjane wake, bwana. Yuko edani."

"Aje hapa."

"Siwezi kuja, mwanangu," nikasema kwa nguvu. "Mwenye jina amefariki. Mimi ni mkewe, na nyumba ndiyo hii."

Kipaza sauti kikauliza tena, "Nyumba namba ngapi, mama?"

Sikuijua. Siku zote zile niliiogopa rangi ile na sijaiona hata mara moja, kwa kuwa ilikuwa upande wa nje wa mlango uliofungwa. Niliingia ndani mbio, nikavuta komeo. Mlango wetu hufungukia ndani. Niliuvuta mpaka ule uso wa nje ukaingia chumbani, nami nikausoma bila ya kuvuka kizingiti. Nje niliiona njia waliyopita na jeneza. Nikarudi uani.

"Kumi na saba!"

"Kumi na saba imesema yenyewe!" mwanamume mmoja akapiga kelele, watu wakaangua kicheko. Kipaza sauti kikaita jina la jirani.

Wifi aliurudisha mlango akautia komeo. Nikamwuliza, "Wifi, eda imevunjika?"

"Wallahi sijui," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hajui.

Siku zangu zilipotimia wanawake walinikogesha, wakanivika nguo mpya, nikatoka nao. Hawakujua kwamba nilianza kuhesabu upya tangu ile Alhamisi. Nilikwenda sokoni, nilikwenda kisimani, lakini sikutia wanja wala manukato mpaka siku hizo nazo zikaisha. Niliogopa tu.

Baadaye nilikwenda ofisini kuuliza. Karani alifungua daftari kwenye kumi na saba. Jina la mume wangu lilikuwa limepigwa mstari, na kando yake limeandikwa kwa kalamu: Mke. Nyuma ya ukuta.

"Na jina langu?"

"Si ndiwe huyo, mama? Hati za nyumba zikija tutakuita."

Hati hazijaja. Kila nikisikia kipaza sauti kikijaribiwa, naacha ninachofanya na kwenda kuutazama mlango. Rangi imeanza kubanduka, na ile saba yafanana na moja. Rangi nyekundu yapatikana dukani, lakini siigusi namba, wasije wakasema nimeiandika mwenyewe. Nafuta vumbi pembeni yake tu, polepole, kwa kitambaa kikavu.