Nilivyoambiwa nizime posho mill ya mama yangu mzazi

Wakuu, salamu kutoka huku upande wa Rodi Kopany. Hii imenipata mimi mwenyewe, si ya kusimuliwa, na sitaongeza chumvi. Nikinung'unika mahali mnivumilie, ndivyo nilivyo.

Senta yetu ya maduka ni ndogo, laini kubwa ya stima haijafika. Tulijengewa mini-grid ya sola, mtambo mdogo wa umeme wa senta yetu tu: paneli kwa shamba la kanisa, betri ndani ya chumba. Mimi nikapewa kazi ya kuichunga kwa sababu nilisoma kozi ya stima kule Migori.

Mama yangu naye ana posho mill, mashine ya kusaga unga. Zamani ilikuwa ya dizeli, na marehemu baba ndiye alikuwa anaiendesha. Ulikuwa unaisikia ukiwa bado mtoni, unajua jioni imefika. Sola ilipokuja mama alikuwa wa kwanza kuweka mota ya stima.

Hapo ndipo shida ilianza.

Wa huku mnajua unga wetu: mahindi, mtama na muhogo. Muhogo unaanikwa siku kadhaa, mwenyewe anaulinda kuku wasiudonoe, na ile siku unakauka anaubeba jioni moja kwa moja mpaka kwa mashine. Ukiulaza ndani unavuta unyevu wa ziwa, unga unanuka.

Na hakuna mama anaacha debe lake akaenda. Anasimama pale mpaka aone wake umeingia na wake umetoka.

Kwa hivyo jioni ilikuwa raha, wakuu. Wamama wamejaa kwa benchi, nyusi nyeupe kwa unga, wanasema nani ameoa na ng'ombe ya nani imeingia kwa shamba ya nani. Nimelelewa kwa ile benchi. Nikikumbuka natamani kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Lakini sola haina habari na hayo. Saa sita mchana betri zimejaa pomoni, stima inapotea bure, hakuna wa kuitumia. Saa kumi na mbili jua linazama, ndio mama anawasha mota pamoja na taa za senta nzima. Betri zinaisha. Watu wanakula gizani, kinyozi anaacha kichwa cha mtu nusu. Lawama zote kwa mama.

Mama ni Mkuria wa Ntimaru, aliolewa huku. Wanamwita Nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, na kawaida ni kwa upendo. Wakati huo nilikuwa nasikia jina hilo likitamkwa kwa chuki.

Kamati ya stima ikaniita. Wiki mbili: mashine isage mchana, ama niikate kabisa. Nimkate mama yangu! Na nyumba yetu yote inakula kutoka kwa ile mashine.

Nikajifanya mjanja. Nikamwambia mama asage mahindi na muhogo wake mchana, mtu akileta debe jioni abadilishiwe tu na unga ulio tayari.

Ujinga mtupu. Nani huku atakula unga hajui umetoka nyumba gani? Siku tatu tu, nusu ya wateja walikuwa wamehamia mashine ya dizeli huko barabarani. Mama hakunigombeza.

Kisha akajitafutia njia yake. Alitandaza maturubai kando ya mashine, akatangaza kwamba siku ya mwisho ya kuanika, wamama wamletee muhogo asubuhi. Yeye ataulinda kuku wasiudonoe, na saa nane, jua likiwa bado kali, atasaga. Kila debe na alama ya mwenyewe.

Siku ya kwanza hakuna mtu alikuja. Ya pili pia.

Siku ya tatu akaja Mama Akinyi, jirani yetu. Huyu na mama walikuwa hawasalimiani miaka, juu ya mpaka wa shamba. Akaweka debe chini, akasema:

"Nyar Ntimaru, tulikosana kwa shamba, hatukukosana kwa chakula. Saga."

Akaenda zake kupalilia, bila kuangalia nyuma. Senta nzima iliona. Kesho yake maturubai yalijaa.

Tangu hapo taa hazijazima jioni. Kamati imenyamaza, mashine iko.

Somo nililopata: kuhamisha kazi kwenda mchana si mambo ya mita na betri. Ni kuomba mtu akuachie chakula chake na aende. Nikiambiwa nihamishe tena, nitahamisha.

Ila juzi jioni nilimkuta mama amekaa mlangoni mwa mashine, peke yake, benchi tupu. Siku hizi wamama wanachukua unga wakipita tu kutoka shambani, kila mtu na haraka zake. Nikamuuliza mbona haendi nyumbani. Akaangalia balbu inayowaka juu ya mlango, akasema:

"Taa ziko. Watu wako wapi?"

Wakuu, nyinyi mlio na sola huko kwenu, watu wanakutana wapi siku hizi? Niambieni, nimpelekee mama jibu.