Jibu la Baba kwa Mwalimu wa Bara

Watu wakinisikia nasema sipendi mashairi hushangaa, maana nimezaliwa katika nyumba ya mashairi, Timbwani ya Likoni, na baba yangu alikuwa mtunzi ambaye watu walivuka feri kuja kumsikiliza. Nayajua, ndiyo. Niamshe usingizini nitakuhesabia mizani. Lakini kuyapenda, la, na leo nataka kusema kwa nini, kwa maneno ya kawaida.

Mwaka nilioingia darasa la nane, nilikuwa nimeshaposwa. Ami yangu alikuwa na kijana wake aliyefungua duka Kisauni, mtu mzima kunipita kwa mbali, na posa ilikwisha kuletwa. Mama akakataa nitolewe skuli kabla ya mtihani. Wakavutana wee, mwisho baba akakata shauri: nikipita, niendelee na masomo na posa irudishwe kwa heshima, nikianguka, niolewe, na pasiwe na maneno tena. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nyuma ya pazia napepeta mchele, nikasikia yote.

Na karatasi iliyokuwa ikituangusha sisi watoto wa pwani, mtanicheka, ilikuwa ya Kiswahili. Hesabu tulipita. Kiswahili tulianguka kwa kiburi tu. Nani Likoni angekaa chini adurusu Kiswahili, lugha aliyonyonya? Kumbe mtihani haukuuliza kama wajua kusema. Uliuliza hili laitwaje na lile laitwaje: hii ni tashbihi au istiara, neno hili ni la ngeli gani, shairi hili ni la bahari ipi, insha hii kiini chake ki wapi. Sisi vitu vyote hivyo tulikuwa tukivifanya mchana kutwa hata katika kugombana kisimani, ila majina yake hatukuyajua.

Aliyeyajua alikuwa mwalimu mmoja wa bara. Mkristo, kijana, amepanga chumba na mkewe nyumba ya nne kutoka kwetu. Watu walicheka sana, ati mtu wa bara aje kumsomesha Kiswahili binti wa mtunzi. Baba, namsifu kwa hili, hakucheka. Alisema, "Huyu ajua wanachotaka wasahihishaji. Sisi hatujui." Akamwendea mwenyewe, akamwomba aje kunidurusisha baada ya alasiri. Mwalimu akakubali, na hakutaka malipo ila kahawa.

Basi alikuwa akikaa barazani, nje, mimi nakaa ndani ya mlango na daftari, mama kando yangu na ukili wake wa mkeka. Mwalimu alikuwa na sauti ya pole na alirudia jambo mpaka likae. Alinifundisha kwamba takriri ni kurudia kwa makusudi, si kwa kukosa la kusema. Alinifundisha kuuliza swali la balagha, lile lisilotaka jibu. Baba naye alikuwa akifunga duka lake mapema aje asikilize, akidakia mwalimu akikosea neno, na mwalimu akisema, "Asante, mzee," akaliandika. Walipendana, wallahi. Nilikuwa sijamwona baba akicheka na mtu wa nje namna ile. Kila kitu tulikuwa tumekipitia isipokuwa insha, ambayo mwalimu aliiweka mwisho kwa sababu, alisema, ndiyo yenye alama nyingi na ndiyo nitakayoangukia.

Siku ya kudurusu tarbia aliandika shairi lake mwenyewe kwenye karatasi ili nihesabu mizani na nitenge ukwapi na utao. Lilikuwa shairi la mwanafunzi, halina ubaya wala uzuri. Kituo chake kilikuwa hiki: "Mgeni akipokewa, naye hupanda mnazi." Alimaanisha kwamba amependezwa na sisi. Baba akaliomba, akaenda nalo dukani.

Sasa lazima niwaeleze jambo. Kwetu shairi haliachwi hivi hivi. Mtu akikuletea shairi ukanyamaza, umemwambia yeye si mtu wa kujibiwa. Na jibu lina sheria zake: ufuate vina vyake, ufuate mizani yake, kisha umgeuzie maneno umwangushe. Ukimtukana ndani ya vina, hilo si tusi. Mkimaliza mwanywa kahawa. Baba alikuwa na masahibu waliotukanana hivyo maisha yao yote, na walipokufa walizikana kwa machozi. Kwa hivyo kumjibu mwalimu, tena kumjibu kwa ukali, kwa baba ilikuwa heshima kubwa. Alikuwa anamkaribisha.

Akalijibu. Na alijibu vizuri, baba hakuweza kutunga vibaya hata angetaka. Akalisoma barazani baada ya magharibi, wazee wakapiga mapaja kwa furaha. Kituo chake kikawa: "Ukitosheka kupewa, rudi kwenu na mizizi."

Hebu fikirieni ni wakati gani huo. Wazungu wanafunganya virago, na kila baraza swali ni moja: pwani itabaki na nani? Wengine wataka Mwambao ujitenge, wengine wataka tuungane na bara, watu wa nyumba moja hawasemezani. Kupanda mnazi kwetu ni kutia mkono kwenye ardhi, na kila mtu alikuwa na hofu ya shamba lake. Halafu katikati ya moto ule mtunzi mkubwa wa Likoni amwambia mtu wa bara arudi kwao na mizizi. Nani angekumbuka sheria za kujibizana? Wazee walikumbuka. Vijana hawakutaka kukumbuka.

Kituo kile kilikuwa chepesi mdomoni, na hilo ndilo balaa la kituo kizuri. Wiki haikuisha nikakisikia feri, nikakisikia sokoni, nikakisikia kikiimbwa na vijana wanaopita chini ya dirisha la mwalimu. Mwalimu alikuja siku yake kama kawaida. Baba akamngoja amalize somo, akamwuliza kwa uchangamfu, "Mbona hujanijibu, mwalimu?"

"Mimi nilikuwa nafundisha tu, mzee."

Baba akacheka, akadhani ameshinda, akamwongeza kahawa. Mimi niliuona uso wa mwalimu. Mama pia aliuona, akaacha kusuka.

Mke wa mwalimu alikuwa mjamzito, tumbo kubwa. Siku moja asubuhi alikuwa akitoka bombani na ndoo kichwani, vijana wakamfuata nyuma wakiimba kituo cha baba. Akaongeza mwendo. Mmoja akatupa jiwe, na waliokuwapo waliapa kwamba lilikusudiwa ndoo. Yule mama akaanguka kifudifudi. Mtoto alizaliwa jioni ile ile amekwisha kufa, na alikuwa wa kiume. Mwalimu alimzika, akafungasha vitu, akahamia Mikindani kwa ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Hakuja kutuaga, na angekuja kutuaga vipi?

Mama hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti. Alimwendea baba palepale kwenye kiti chake akamwambia, "Mtoto wa watu amekufa kwa ulimi wako. Na mwanao ndiye huyu, hana wa kumdurusisha, insha haijui. Nenda ukamtake radhi mwalimu wake." Baba akajibu kwamba jiwe hakulitupa yeye. Mama akamtazama tu, mpaka baba akainamisha kichwa. Akasema, "Nitakwenda. Nipe nafasi nitunge." Mama akauliza atunge nini tena. Baba hata hakulielewa swali lile.

Alitunga asubuhi kadhaa baada ya alfajiri, na duka akalifungua akiwa amechelewa. Nilimsikia akifuta na kurudia. Siwezi kusema hakuumia. Alikonda, na mara moja nilimkuta amefunika uso kwa kilemba chake analia, na mbele yake kuna ubeti mmoja haujatimia. Siku ilipofika alivaa kanzu yake ya Ijumaa akanichukua na mimi, kwa kuwa haja ilikuwa yangu. Tukavuka feri, tukapanda basi.

Mwalimu alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. "Shikamoo, mzee," akasema, kama jana tu tulikuwa pamoja. Akatupa viti. Chumba kilikuwa kimoja, na mkewe alikuwa amelala nyuma ya shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Nilisikia anavyopumua. Baba akaitoa karatasi yake akasoma.

Sikupata kusikia shairi kama lile, si kabla wala baada. Vina vilikuwa vile vile vya kwanza, ili lile jibu la zamani lifutike ndani ya hili. Kulikuwa na kitoto kisichotajwa jina, kulikuwa na mama yake, na baba alijiita kwa majina ambayo adui yake asingethubutu kumwita. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ni shairi zuri, mzee," akasema. "Binti yako nitamsomesha. Ajapo hapa kila Jumamosi nitamfundisha insha, na atapita. Lakini kwanza niambie neno lenyewe. Bila shairi. Niambie tu kama mtu anavyomwambia mwenzake."

Baba akafungua mdomo. "Mwalimu," akasema. "Mimi..." Akakohoa. Nikaona mkono wake wa kulia unatembea gotini, vidole vinahesabu, na hapo nikajua yuatafuta kina. Mwalimu alimngoja, na alimngoja kwa upole kabisa, ndiyo maana naumia nikikumbuka. Nami nilikuwa namwomba Mungu moyoni: liseme, baba, ni neno moja, watoto wadogo hulisema. Akatazama chini kwenye karatasi yake. Kisha akaanza kuusoma ubeti wa kwanza tena.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Tuwie radhi, mwalimu."

"Wewe hukunikosea," mwalimu akanijibu.

Sauti ya mkewe ikatoka nyuma ya shuka, kavu. "Mwambie aende na karatasi yake." Mwalimu akainuka, akatufungulia mlango, na hata pale mlangoni alisimama kidogo akimtazama baba. Baba akampa mkono. 

Ndani ya basi, tulipokuwa tunapita Changamwe, ndipo aliponiuliza. "Wewe uliyedurusu, hebu niambie. Lilikuwa na kasoro gani?" Alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia halikuwa na kasoro yoyote, na sikumdanganya. Hakuridhika. Alilikunjua gotini akaanza kulikagua mshororo kwa mshororo, mpaka tukafika kwenye feri.

Mtihani niliufanya. Ngeli nilizijua, bahari nilizijua, tashbihi na istiara nilizitenga bila kusita, mtu alikuwa amenifundisha. Insha ndipo nilipokwama. Niliandika mwanzo mzuri, nikaongeza mwanzo mwingine, sikujua namna ya kuingia ndani ya jambo nikalisema. Matokeo yalipokuja mama aliyachukua akayaweka chini ya mto wake. Niliolewa kabla bendera mpya haijapandishwa.

Siku ya harusi baba alinitungia shairi. Lilisomwa ukumbini na mwanamke mwenye sauti nzuri, na wanawake wote walilia, hata wale wa upande wa bwana harusi. Alisema humo kila kitu: kwamba aliniharibia, kwamba alikuwa na njia ya kuniokoa akaipoteza, kwamba hatajisamehe. Beti nyingi, hakuna hata mizani moja iliyopungua.

Kisha akaja chumbani kunipa mkono wa kheri. Mama akawatoa wanawake akatuacha wawili tu, maana alijua ninachokingoja. Baba akasimama mbele yangu, akanishika mkono. Nikainua uso nikamngoja, nikangoja sana.

Akaniuliza kama shairi nililisikia lote.

"Naam, baba," nikamwambia. "Nimelisikia."