Inama Chini Zaidi, Aliniambia

Habari ilinikuta Jumanne nikiwa foleni ya teksi pale Isipingo: mkalimani wetu amekufa, presha, maziko ni alasiri. Wasomaji wangu mnanijua, sina elimu ya kumpamba maiti kwa maneno. Niliishia darasa la nne. Marehemu tulikuwa naye kwenye yadi ya magari yaliyotumika, yale yanayoshushwa bandarini kutoka Japani, na nitamsema kama alivyokuwa, mema yake kwanza. Alikuwa amevua jodari miaka sita kwenye meli ya Wajapani, kwa hiyo lugha yao aliijua na adabu zao pia. Wageni wa huko wakitarajiwa, alitupanga mstari kama watoto wa shule: mikono mapajani, shingo inyooke, kunja kiuno. Inama kidogo kwa mwenzako, zaidi kwa mkubwa. Fundi wetu wa rangi, Mkongo, akamuuliza, "Kaka, na ile ya chini kabisa iko ya nani?" Akacheka. "Hiyo hamtaihitaji." Tulimpenda. Mchana tulikuwa tunainamiana na vikombe vya chai mkononi, mpaka chai inamwagika.

Kisha jeki ikaachia. Sitaficha, aliyekosa ni meneja wa yadi. Tulimwambia mara tatu kwamba jeki ile ni mbovu, akasema bado inafanya kazi. Gari likanilalia mkono wa kushoto. Wiki ya tatu akaja mwenye kampuni mwenyewe kutoka Japani, mzee wa mvi tupu. Alisimama mbele yangu, akasema maneno machache, akainama mpaka mgongo ukalala kama meza, akabaki huko huko. Nikamuuliza mkalimani anasema nini. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya mkalimani.

"Anakushukuru kwa kazi, ndugu yangu. Mrudishie. Inama chini zaidi."

Nikainama, mkono mmoja pajani, mwingine kwenye kitambaa shingoni, na tabasamu juu. Mkalimani akaongeza maneno yake kwa Kijapani, marefu kuliko niliyosema mimi, maana sikusema kitu. Yule mzee alinitazama kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake, akaondoka. Mwisho wa mwezi nikapewa barua ya kuachishwa: nimeumia kwa uzembe wangu, na nimekiri mwenyewe mbele ya mwenye kampuni.

Miaka miwili nilijiuliza nilikiri saa ngapi. Jibu nililipata kwa kinyozi, mtaa wa Umbilo, kutoka kwa mpishi wa meli ya Wajapani niliyemsimulia. Alisema ile ya chini kabisa aliwahi kuiona mara moja tu, nahodha alipomwendea mama wa baharia aliyezama. Ni ya mtu anayeomba radhi. Nikatoka nimenyolewa nusu kichwa, nikamfuata marehemu mtaa wa Overport, nikamkuta mlangoni mwa duka la nyama. Hakubisha. Alisema mzee aliuliza nataka anifidie vipi, na yeye akamjibu kuwa nasema kosa lilikuwa langu. "Meneja aliniambia nichague, kazi yangu au mkono wako." Halafu, mbele za watu na mifuko yao ya nyama, akainama. Ile ya tatu, ya chini kabisa. Akabaki huko.

Nikamwambia, "Na hii nani atanitafsiria?" Nikaondoka.

Kazi yenyewe haikumfaa. Yadi ilifungwa mwaka uliofuata, meneja akahamia yadi nyingine, na mimi na yeye tukabaki tunaamkiana kwa mbali. Nimejifunza hivi, nanyi wenzangu mnaofanya kazi chini ya watu msioelewa lugha yao mjifunze: anayekutafsiria, mtazame amesimama na nani. Mgeni wa mbali alinipa heshima yangu kamili. Mtu wa nyumbani ndiye aliyeipokea njiani.

Makaburini nilikwenda. Zamu yangu ya kutia udongo ilifika, na udongo hauchotwi ukiwa umesimama wima, hasa kwa mkono mmoja. Niliinama kuchota udongo, basi. Mtu asije akamtafsiria marehemu vinginevyo.